Mvivu ni Nani? Wasomaji Wanauliza, Tunajibu

Tuliomba barua kuhusu uvivu. Karibu zote zinamshtaki mtu mwingine, na anayeshtakiwa mara nyingi ana kipato kidogo kuliko anayeandika. Tumechagua sita. Msimamo wetu tunautanguliza: neno hili lisitamkwe kabla saa hazijahesabiwa. Mwenye nacho akilala mchana tunasema anapumzika. Asiye nacho akilala mchana huohuo tunasema mvivu.

Nina dada wa kazi wa miaka 22, anaishi kwangu. Nikirudi ghafla mchana namkuta amelala kwenye kochi. Namlipa 80,000 kwa mwezi, chakula na malazi juu yangu. Anaamka saa 10 na nusu alfajiri kuwaandaa watoto wawili, wa miaka 7 na 11, na kulala analala saa 5 usiku, mume wangu akishakula. Jumapili anafanya nusu siku. Majirani wanasema nimbadilishe. — Mama Wawili, Tabata, Dar es Salaam

Mama Wawili, usimbadilishe. Tupige hesabu ya ulichoandika mwenyewe. Kuanzia saa 10 na nusu alfajiri hadi saa 5 usiku ni saa 18 na nusu. Toa saa mbili na nusu za kula na huo usingizi wa kochi, zinabaki 16. Zidisha kwa siku sita, upate 96. Ongeza saa nane za Jumapili, zinakuwa 104 kwa wiki. Usiku anapata saa tano na nusu za kitanda. Mtu yeyote mwenye afya angelala kwenye kochi hilo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhusu na yeye. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zisizozidi tisa kwa siku, kwa siku zisizozidi sita. Baada ya saa tano mfululizo kuna mapumziko ya saa moja. Kila wiki apumzike saa 24 mfululizo, na kila mwaka likizo ya siku 28 yenye malipo. Saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, na kila moja ilipwe mara moja na nusu. Kwa hesabu yako, dada anafanya saa za ziada 59 kwa wiki, yaani 236 kwa wiki nne. Hakuna mkataba unaoweza kuhalalisha hilo.

Sasa upande wa pesa. Kupata malipo ya saa moja, gawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333, kisha kwa 45. Shilingi 80,000 zinatoa takriban 410 kwa saa, na saa ya ziada ni 615. Lakini ukigawanya mshahara huohuo kwa saa anazofanya kweli, anapata kama 178 kwa saa. Vilevile angalia amri ya kima cha chini cha mshahara inayotumika sasa, kwa sababu inabadilika na ina kipengele chake cha wafanyakazi wa majumbani wanaolala kwa mwajiri.

Cha kufanya. Chukua daftari, wiki moja tu, muandike pamoja kila kazi na saa yake. Utaona kwamba kufagia na kupika si vinavyomla. Kinachomla ni kusubiri: geti, chakula cha baba, sare zinazopigwa pasi saa 4 usiku. Mume wako achonge funguo yake, chakula kiwekwe kwenye hotpoti, sahani aoshe mwenyewe. Sare za wiki nzima zipigwe pasi Jumamosi kwa mkupuo mmoja. Mwenye miaka 11 anaweza kuanza na sketi au kaptula ukiwa umesimama karibu. Kisha gawanya siku hivi: saa 11 alfajiri hadi saa 3 asubuhi, kazi. Saa moja ya chai. Saa 4 hadi saa 7 mchana, kazi. Saa 7 hadi saa 11 jioni ni zake, alale, asome, aende saluni. Saa 11 hadi saa 1 usiku, chakula cha jioni kinaingia kwenye hotpoti, siku imekwisha. Hizo ni saa tisa, na kwa siku tano unapata 45. Jumamosi ukimhitaji ni saa za ziada, 5,535 kwa siku ya saa tisa, juu ya mshahara. Jumapili yote ni yake. Mapumziko ya usiku kwa ratiba hii ni saa kumi. Sheria inataka 12, ila inaruhusu kushuka hadi nane kwa anayeishi mahali pa kazi, mradi mkubaliane kwa maandishi. Andikeni.

Mpango kama huu huvunjika wiki ya pili, na huvunjwa na vitu vidogo: "niletee maji", "hebu mfungulie mgeni", "chaji yangu iko wapi?" Kila kimoja ni dakika moja, lakini kikirudiwa mara ishirini mapumziko hayapo tena. Watoto wako wajifunze kwamba mlango wa dada ukifungwa saa 7, umefungwa. Hapo ndipo watakapojua pia jagi la maji linakaa wapi.

Mwanangu ana miaka 23, kamaliza chuo. Anaamka saa 4 asubuhi, hata kijiko haoshi. Mama yake anasema anasubiri ajira. Mimi naona uvivu. — Mzee, Dodoma

Mzee wetu, shikamoo. Kwanza tutenganishe asichotaka na asichokiweza. Mpe kazi mbili siku moja: moja anayoijua, kama kwenda kulipia king'amuzi, na moja asiyowahi kuifanya, kama kusonga ugali wa nyumba nzima. Akikwepa zote, tatizo ni moyo. Akifanya ya kwanza na kuikimbia ya pili, basi anaogopa kuonekana hajui, na hilo linatibika kwa kufundishwa.

Kijana aliyekulia nyumba yenye dada wa kazi amefanyiwa kila kitu na mtoto wa mtu mwingine kwa miaka ishirini. Hakuzaliwa mzembe, mikono yake haikupewa kazi. Na unafuu huohuo unamlinda asiitwe jina baya. Yeye "anasubiri ajira". Wa rika lake aliyekaa kijiweni bila kazi anaitwa mzururaji. Kampeni ya Nguvu Kazi ya 1983 ilikamata watu mitaani Dar es Salaam ambao hawakuweza kuonyesha wana kazi, wakapelekwa kulima. Aliyeshinda sebuleni kwa baba yake hakuwa mtaani wa kukamatwa.

Mpe kazi moja kwa wiki mbili, si kumi kwa siku moja. Anza na ugali, maana ukiharibika unaonekana mezani. Kwa watu wanne: maji lita moja na nusu, unga wa sembe gramu 750 hivi. Achukue konzi mbili za unga azikoroge kwenye kikombe cha maji baridi, amimine kwenye maji yanayochemka, aache uji utokote dakika tano. Hapo apunguze moto, atie unga uliobaki kidogo kidogo huku akisonga, akiukandamiza kwenye ukingo wa sufuria, dakika saba hadi kumi. Madonge hutokea unga mkavu unapotiwa wote kwa pamoja, sehemu ya nje ikaiva na kufunga ya ndani. Ukinata mdomoni na kunuka unga, umeuepua mapema. Ugali wa siku ya kwanza utakuwa mbaya. Uleni.

Wiki mbili zinazofuata, afue nguo zake mwenyewe kwa mkono: jinzi peke yake, nyeupe peke yake, kola na mikono zipakwe sabuni ya mche kabla ya kuloweka nusu saa, zisuuzwe maji mawili. Atakayeharibu mpango huu ni mama yake au dada zake, wataingia jikoni "kumsaidia" kwa huruma. Zungumza na mama kabla hujazungumza na kijana. Na pesa ya mfukoni usiikate ghafla. Atakopa kwa shangazi, nawe utakuwa umehamisha mzigo tu.

Nafundisha darasa la nne, mkoa wa Lindi. Kuanzia saa 4 asubuhi watoto wa wakulima wanasinzia, wa watumishi wako macho. Mwenzangu anasema uvivu wanarithi kwa wazazi. — Mwalimu

Mwalimu, mwambie mwenzako aangalie miguu kwanza, kisha macho.

Mwaka 1899 huko Puerto Rico, daktari wa jeshi la Marekani aitwaye Bailey Ashford aliwapima wakulima waliokuwa wakisemwa ni wavivu wa asili. Kwenye vinyesi vyao akakuta mayai ya minyoo ya safura. Mwaka 1909 tajiri wa mafuta wa Marekani, John D. Rockefeller, alitoa dola milioni moja kupambana na minyoo hiyohiyo kusini mwa Marekani, ambako magazeti yalikuwa yameshaiita kijidudu cha uvivu. Karibu asilimia 40 ya watoto waliopimwa walikuwa nayo. Walikuwa maskini, weusi na weupe, waliotembea pekupeku kwenye mashamba yasiyo na vyoo. Mwenye shamba alivaa viatu na alikuwa na choo, kwa hiyo alikuwa na nguvu za kuwaita wengine wavivu.

Safura inafanya kazi hivi. Mayai hutoka na kinyesi, huangua kwenye udongo wenye unyevu na kivuli, mabuu huingia kwa kutoboa ngozi ya mguu, mara nyingi kati ya vidole, ambapo mtoto atakuambia anawashwa. Hupanda na damu hadi mapafuni, hukoholewa na kumezwa, hujishikiza kwenye utumbo na kunyonya damu kwa miaka. Damu ikipungua, hewa haifiki vizuri kwenye misuli wala kwenye ubongo. Mtoto anasinzia kwa sababu hiyo.

Vuta kope la chini taratibu: kwa ndani panapaswa kuwa pekundu; pakiwa peupe, mtoto apelekwe kituo cha afya akapimwe damu na kinyesi. Viganja vyeupe, kuhema kwa mwendo mfupi na kutamani kula udongo ni dalili za kutilia maanani. Akikojoa mkojo wenye damu, huenda hicho ni kichocho, na dawa yake ni nyingine. Malaria nayo hupunguza damu, kwa hiyo apimwe. Safura kwa kawaida hutibiwa kwa albendazole ya miligramu 400, kidonge kimoja, lakini dawa ya minyoo hairudishi damu iliyokwisha kunyonywa: kituo kitaamua kama anahitaji madini ya chuma. Siku ya kugawa dawa za minyoo shuleni, mtoto aliyekosa asiandikwe mtoro ukaishia hapo. Mtafute, maana aliyekosa mara nyingi ndiye mwenye minyoo mingi. Na kama choo ni kibovu na miguu haina kitu, ataambukizwa tena.

Kisha njaa na maji. Kwa wiki mbili, andika kwenye daftari la mahudhurio safu nne: aliamka saa ngapi, alifanya kazi gani kabla ya shule, alikula nini, anatembea muda gani. Dumu la lita 20 lina kilo 20; anayeleta madumu mawili kabla ya saa 12 asubuhi ameshamaliza nusu ya nguvu zake. Uji wa saa 4 unasaidia kuliko hotuba. Kwa watoto 100: maji lita 30, unga kilo nne, sukari kilo moja na nusu, kila mtoto anapata kikombe cha robo lita na kidogo. Unga ukorogwe na maji baridi kwanza, uchemke dakika 15 kamili. Angalieni tu kuni zinaletwa na nani. Zikiletwa na watoto walewale wanaosinzia, uji umewagharimu kabla hawajaunywa.

Kazini Nairobi wananiambia watu wa Pwani ni wavivu, wanalala barazani mchana. Niwajibu nini? — Mkilifi

Waulize walifika saa ngapi. Wavuvi wa dagaa hutoka na taa usiku wa giza, maana mbalamwezi ikiwaka samaki hawakusanyiki kwenye taa; wanarudi alfajiri, wanashusha, wanalala. Mgeni aliyetoka hotelini baada ya kifungua kinywa anakuta usingizi, kazi hajaiona. Kule mashariki ya Unguja, wanawake wa mwani hufuata bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana. Maji yakitoka huingia hadi kiunoni, hufunga mbegu kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi, hungoja kama wiki sita kuvuna. Maji mafu yakija, siku ambazo bahari haipwi sana, hawawezi kufika shambani, na siku hizo huonekana hawana kazi. Bahari haifuati saa za ofisi.

Lakini jibu kubwa liko kwenye ardhi. Utumwa ulifutwa Unguja na Pemba 1897, na mwambao wa Kenya 1907. Waliokuwa watumwa wengi hawakutaka tena kufanya kazi ya gengeni kwa mabwana walewale, wakalima vijishamba vyao. Mabwana na maofisa waliokuwa wakitaka vibarua wakaandika kwamba ni wavivu. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ikawapa hati waliojua kudai, na watu wengi wa mwambao wakabaki maskwota kwenye ardhi waliyoilima. Skwota huruhusiwa kupanda mahindi na muhogo, lakini si minazi wala miembe, kwa sababu mti wa kudumu ni dai la umiliki. Kwa hiyo ukipita ukakuta mtu ana nusu ekari ya muhogo na hana mwembe hata mmoja, uliza hati iko kwa nani kabla hujamuuliza jembe lake liko wapi.

Mume wangu hulima kahawa miezi michache, iliyobaki ni kahawa ya kunywa na bao. Mimi nalima, napika, nateka maji. Yeye ndiye ananiita mvivu ugali ukichelewa. — Mama wa Muleba

Mama, Azimio la Arusha la 1967 lililisema hili waziwazi: wanawake vijijini wakati mwingine hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu, huku wanaume wa vijijini wako likizoni nusu ya maisha yao. Usianze na ugomvi. Anza na maji, kazi inayopimika. Ikiwa kwenda, foleni na kurudi inazidi dakika 30, mnahitaji chombo, na chombo ni kazi ya mwanamume bila kumshushia heshima mbele ya wenzake: baiskeli yenye karia hubeba madumu matatu au manne kwa safari moja. Akishaizoea njia ya kisima, mjadala wa ugali utakuwa mwepesi.

Naendesha bodaboda ya mtu Kahama. Naingiza kama 25,000 kwa siku; hesabu ya kumpa mwenye pikipiki 8,000, mafuta 8,000, chakula 3,000, oili na matengenezo natenga 1,000. Binamu yangu alinunuliwa pikipiki na baba yake. Anafunga saa 10 jioni na ameshajenga msingi. Ananiambia niamke mapema, niache uvivu. — Kijana

Kijana, unabakiwa na 5,000 kwa siku, yaani 30,000 kwa siku sita. Binamu yako kwa abiria walewale halipi hesabu, anabaki na 13,000. Akifanya siku nne tu anapata 52,000, nawe ukifanya sita hujamfikia. Hata ukiamka saa 9 usiku, pengo hilo halizibiki kwa alfajiri. Na dereva mwenye usingizi barabarani ni hatari kwako na kwa abiria. Binamu yako anafanya kazi, hatumnyimi hilo. Lakini shilingi 8,000 za kila siku alipewa na baba yake.

Tumia nguvu zako kwenye mkataba badala ya saa. Kama ni wa kumilikishwa, yaani pikipiki inakuwa yako ukimaliza hesabu, zidisha: 8,000 kwa siku 26 kwa miezi, tuseme, 15 ni 3,120,000. Linganisha na bei ya dukani ya pikipiki hiyohiyo. Tofauti ndiyo unayolipa kwa kukosa mtaji, na ikiwa kubwa mno, kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kukutoa kwa nafuu. Mkataba uandikwe, mashahidi wawili, kwa serikali ya mtaa. Uonyeshe jumla ya fedha na siku ya mwisho. Hesabu inasimama au haisimami ukiumwa au pikipiki ikiwa gereji. Bima analipa nani. Injini ikifa katikati nani anatengeneza. Kila siku unapotoa hesabu, mwenye chombo asaini kwenye daftari lako, au mtumie kwa simu ili ujumbe ubaki. Wengi hupokonywa mwezi wa 13 au 14 kwa kisingizio cha siku mbili za deni, na asiye na daftari hana la kujitetea. Na kabla ya kulipa hesabu ya mwisho, ione kadi ya pikipiki yenyewe, si nakala, ulinganishe namba ya fremu na ile iliyogongwa kwenye chuma.